Brodikasti ya kwenda sabneti nyingine: ruta ya mwisho ndo inaamua

Brodikasti ni pakiti inayotumwa kwa mashine zote za sabneti, yaani kipande kimoja cha mtandao, na ruta ndo kifaa kinachounganisha sabneti. Watu wakisikia "ruta haipitishi brodikasti" wanadhani ndo imeisha hapo, kumbe inategemea ni brodikasti gani. 255.255.255.255 kweli haivuki ruta. Ila ukiwa sabneti ya 10.10.5.0/24 (/24 ni sabneti ya anwani 256) ukatuma pakiti kwenda 10.10.40.255, yaani anwani ya brodikasti ya sabneti nyingine, 10.10.40.0/24, hayo ni mambo mengine kabisa.

Chukua kazi ya kuwasha kompyuta za ofisi usiku kwa Wake-on-LAN ili zipokee apdeti. Seva ni 10.10.5.20, kompyuta ziko 10.10.40.0/24 na zimezimwa, kwa hiyo ukiulizia MAC (anwani ya kadi ya mtandao) kwa ARP, ile njia ya kuuliza "IP hii ni ya nani?", mara nyingi hakuna wa kujibu, ndo maana unatuma kwenye anwani ya brodikasti. Ndani ya pakiti kuna baiti 6 za FF halafu MAC ya kompyuta imerudiwa mara 16, jumla baiti 102, basi. Sasa ruta za njiani zinaiona hiyo 10.10.40.255 kama anwani yoyote tu, zinaangalia jedwali la njia, zinasukuma mbele, na hata zingetaka kujua zingejuaje, maana kama kule mwisho mmegawa kwa /23 (sabneti kubwa mara mbili) badala ya /24, hiyo .255 ni mashine ya kawaida ya mtu.

Ruta yenye mguu (intafesi) ndani ya hiyo sabneti ndo inaitambua. Ama inaibandika MAC ff:ff:ff:ff:ff:ff, yaani "kwa wote", na kuimwaga kwa wote, ama inaitupa. Siku hizi inaitupa, na hiyo ni kazi ya Smurf, shambulio lililosumbua sana mwishoni mwa miaka ya 90: mtu anapiga ping kwenye anwani ya brodikasti akijifanya ni wewe, mashine za sabneti nzima zinakujibu wewe. Kwenye RFC, yaani hati za kanuni za intaneti, RFC 1812 ya 1995 ilitaka ruta zipitishe, RFC 2644 ya Agosti 1999 ikageuza: iwe imezimwa mpaka mwenyewe uiwashe.

Kwa ruta za Cisco amri ya kuiwasha ni ip directed-broadcast, na inakaa kwenye intafesi inayotazama kompyuta. Kuna watu wanaiweka upande wa seva af wanashinda wanalaumu BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta). Na usiiwashe hivihivi, iwekee access-list (orodha ya pakiti zinazoruhusiwa kupita) inayoruhusu 10.10.5.20 tu, UDP poti 9. Ila kama mpakani hamchuji pakiti zinazoingia kutoka nje zikijidai ni 10.10.5.20, hiyo access-list haikusaidii kitu.