Papasa tairi kuukuu kabla ya kununua jipya

Mtu akiniletea gari la umeme na kusema "nibadilishie yote manne", siendi kwanza kutafuta matairi mapya. Nalipandisha gari, nachukua tochi, napapasa ukingo wa ndani wa kila tairi kwa kiganja. Upande wa nje, ule unaouona ukisimama kando ya gari, unaweza kukudanganya vibaya sana. Mifereji ya kashata, yaani ule uso wa tairi unaogusa barabara, bado ina kina cha milimita 4, mwenyewe anaamini ana miezi kadhaa mbele yake, kumbe ndani ni kipara na nyuzi za chuma zimeanza kuchungulia.

Kwanza, kuhusu kulipandisha gari lenyewe. Betri imelala chini ya sakafu, karibu upana wote wa gari. Jeki iwekwe kwenye sehemu zilizotengwa na kiwanda tu. Nimewahi kuona kasha la betri lililobonyezwa na jeki iliyowekwa kwa haraka, na hasara ya hapo inapita thamani ya matairi mara nyingi. Kama fundi wako haulizi sehemu hizo ziko wapi, mzuie kabla hajaanza.

Sasa turudi kwenye ule ukingo wa ndani. Magari mengi ya umeme hutoka kiwandani magurudumu ya nyuma yakiwa yameinamia ndani kidogo kwa juu, ili gari litulie kwenye kona. Pembe hiyo peke yake hailimalizi tairi upesi. Kinacholimaliza ni gurudumu kutoelekea mbele sawasawa. Hapo tairi haliviringiki tu, linaburuzwa kidogo katika kila mita ya safari. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ukingo wa ndani kwenda wa nje, kisha rudi: ukihisi laini upande mmoja na meno ya msumeno upande mwingine, shida ni alaimenti, yaani mpangilio wa mwelekeo wa magurudumu. Ukifunga tairi jipya bila kurekebisha hilo, umelipeleka jipya kwenye jiwe lilelile la kusagia.

Uzito nao unachangia. Betri ya gari la kawaida la umeme huwa na kilo 300 hadi 600, na kwenye magari makubwa huzidi hapo. Mota nayo hutoa nguvu yake yote tangu gari linapoondoka. Watu hulaumu sana ule mguu mzito wa kuondokea, na wana haki, ila husahau upande wa pili: ukiachia pedali, mota inageuka jenereta na kulizuia gari. Breki za kawaida huwagawia kazi magurudumu yote manne. Mota moja inayoendesha magurudumu ya nyuma huzuia kwa hayohayo ya nyuma, kwa hiyo mpira uleule unasukuma gari na kulishikilia, siku nzima. Ndiyo maana nasisitiza kuzungusha matairi, ya mbele yaende nyuma, kila kilomita 10,000 hivi. Kama gari lako lina matairi mapana zaidi nyuma, njia hiyo huna, na ya nyuma yataisha mapema.

Tairi lililolika katikati lilijazwa upepo kupita kiasi. Lililolika kingo zote mbili lilikosa upepo. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kinapimwa tairi likiwa baridi. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kiasi cha kujaza.

Ukishajua kilichokula tairi la zamani, ndipo uchague. Mimi huanza na namba ya mzigo, inayoonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba, na hapa sina mjadala na mtu. Chukua saizi ya 235/45 R18. Unaweza kuipata yenye namba 94, yaani kilo 670 kwa tairi moja, na yenye namba 98, yaani kilo 750. Kwa macho yanafanana kabisa, na yote mawili yanaingia kwenye rimu. Kwa matairi manne tofauti ni kilo 320. Kama gari lilikuja na 98, usikubali 94 hata ukiambiwa ni saizi ileile. Herufi XL humaanisha tairi limeimarishwa kubeba zaidi kwa upepo mwingi zaidi, na HL ni daraja la juu yake. Ukilikuta HL kwenye gari lako, rudisha HL.

Maneno "EV" ubavuni hayanishtui. Hayo ni ya mtengenezaji, hayana kipimo kimoja kinachowabana wote. Tairi lisilo na herufi hizo, lenye namba sahihi ya mzigo na herufi sahihi ya kasi, laweza kulifaa gari lako vizuri kabisa. Alama za watengeneza magari ni jambo jingine: T0 ya Tesla au NF0 ya Porsche zinakuambia tairi hilo lilirekebishwa kwa ajili ya magari yao, na pacha wake mwenye jina lilelile bila alama anaweza kuwa na mpira tofauti. Sponji iliyobandikwa ndani ya tairi hupunguza mvumo unaoingia ndani ya gari. Ukikosa yenye sponji utasikia kelele zaidi, lakini usalama haupungui.

Jiandae pia kuona umbali wa chaji moja ukipungua baada ya kufunga mapya. Wengi hurudi wakiwa na wasiwasi kwamba betri imechoka. Tairi jipya lina mpira mnene unaopindapinda na kumeza nishati, lile lililochakaa lilikuwa linaviringika kwa wepesi. Tena jipya lina mzingo mkubwa kidogo, hivyo linazunguka mara chache zaidi na gari linahesabu kilomita pungufu. Kwenye lebo ya matairi ya Umoja wa Ulaya, yenye madaraja A (bora zaidi) hadi E tangu Mei 2021, tazama daraja la nishati na la kushika barabara yenye maji kwa pamoja. Mimi sitoi daraja la maji ili kupata la nishati. Gari zito likiteleza kwenye mvua linahitaji mpira unaoshika.

Ukishafunga, peleka alaimenti siku hiyohiyo. Ikifika kilomita 5,000, pima kina cha mfereji wa ndani na wa nje wa kila tairi. Wa ndani ukipungua kuliko wa nje kwa milimita nzima, rudi kwa fundi wakati huo, ungali na mpira wa kuokoa.