Maumivu ya Chembe cha Moyo Yanayopenya Mgongoni: Maswali na Majibu Kuhusu Kuvimba Ghafla kwa Kongosho

Maswali haya ndiyo ambayo wagonjwa na ndugu zao hutuuliza mara kwa mara wodini hapa Tanga, na mengi huulizwa kwa kuchelewa.

Kongosho ni nini, na huvimbaje?

Kongosho ni tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula, na kazi yake ni kutoa insulini pamoja na vimeng'enya vya kusaga chakula. Inapovimba ghafla, vimeng'enya hivyo huanza kazi kabla ya kufika kwenye utumbo, na tezi ikawa inajisaga yenyewe.

Je, si ugonjwa wa nadra, wa watu wa Ulaya?

Si kweli. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali umeonesha wastani wa wagonjwa wapya wapatao 34 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini idadi hiyo imekuwa ikipanda kwa karibu asilimia 3 kila mwaka tangu miaka ya 1960, kwa sababu unene na mawe ya nyongo yameongezeka na vipimo vimekuwa bora zaidi. Jiji la Tanga lina watu wanaokaribia 400,000. Tukiazima wastani huo, na ni kuazima tu, tungetarajia wagonjwa kama 130 kwa mwaka, yaani wawili au watatu kila wiki. Kumbuka pia kwamba takwimu huhesabu waliofika hospitali na kupimwa. Aliyelala nyumbani Makorora akiambiwa ana vidonda vya tumbo hahesabiwi popote.

Nikiumwa juu ya tumbo, si nianze kwanza na dawa za vidonda?

Hapana. Maumivu makali yanayoanza ghafla chini ya chembe cha moyo, yanayopenya hadi mgongoni, yanayoambatana na kutapika na yanayomfanya mtu ainame mbele akitafuta nafuu, si ya kusubiriwa. Dawa ya kupunguza asidi haitibu kongosho. Tunampokea mgonjwa siku ya tatu au ya nne, mkononi ana mfuko wa vidonge vya kutafuna, diklofenaki ya kutuliza maumivu na chupa ya mwarobaini, midomo imekauka na mkojo hautoki, kisha ndugu wanatueleza kwa upole kwamba walikuwa wanaangalia kwanza. Walikuwa wanaangalia nini? Katika siku hizo maji ya mwili yalikuwa yakivuja kutoka kwenye mishipa ya damu, presha ikishuka na figo zikikosa damu, na diklofenaki kwa mtu aliyekaukiwa maji huzidi kuziumiza figo hizo.

Na ikiwa ni chango?

Hata kama unaamini ni chango, njoo upimwe kwanza. Chale na shubiri havijawahi kurudisha maji mwilini.

Nini husababisha ugonjwa huu?

Mawe ya nyongo na pombe ndivyo vinavyoongoza. Jiwe dogo huteleza kutoka kwenye kifuko cha nyongo na kuziba njia ambayo nyongo na kongosho hutumia pamoja kuelekea kwenye utumbo. Kuhusu pombe, wapo wanaotuambia kwamba mnazi si pombe kwa kuwa unagemwa asubuhi na kunywewa siku hiyo hiyo. Mnazi ni pombe, nao huanza kuchacha ukiwa bado juu ya mti. Gongo sina haja ya kulieleza.

Hospitalini nitafanyiwa nini?

Utapimwa damu kuangalia amilesi au lipesi, yaani vimeng'enya vya kongosho, ambayo ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu niliyoyataja, hutosha kuthibitisha ugonjwa, na utapigwa ultrasaundi kutafuta mawe. Tiba kuu ni dripu, dawa ya maumivu na uangalizi wa karibu. Wengi, kama 8 kati ya 10, hupata aina nyepesi na kupona. Kwa wale ambao viungo vyao vinaanza kushindwa kazi, kifo si jambo la nadra, na hakuna anayeweza kujua ukiwa nyumbani kwamba wewe uko kundi gani.

Maumivu yakitulia yenyewe, bado nije?

Njoo. Kutulia hakumaanishi kwamba jiwe limeondoka, na kifuko chenye mawe kisipotolewa, shambulio jingine linaweza kutokea ndani ya wiki chache. Uliyeko Pangani au Muheza, usingoje maumivu yarudi ndipo utafute usafiri usiku.