Baada ya kuwekewa valvu ya moyo: hofu ipi uipuuze, ipi ikupeleke hospitali

Majibu haya ni kwa aliyewekewa valvu ya chuma, hasa kwa sababu ya baridi yabisi ya moyo.

Usiku nasikia "tik, tik" kifuani. Valvu inalegea?

Hapana. Hiyo ni milango ya valvu ikifunga (watu huiita ya chuma, ingawa vibao vyake huwa vya kaboni). Cha kuogopa ni kinyume chake: mlio uliouzoea ukififia au kupotea, tena ukaanza kuhema. Huenda damu imeganda kwenye valvu. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri siku ya kliniki.

Wiki ya sita sasa na kifua bado kinauma. Ugonjwa unarudi?

Mfupa wa kidari ulikatwa kwa msumeno katikati, kisha ukafungwa kwa waya. Kuunga huchukua wiki 6 hadi 12, na maumivu ya kuchomachoma au ganzi kando ya mshono huweza kudumu miezi. Wakati mfupa bado unaunga, usinyanyue kitu cha zaidi ya kilo 4 au 5. Ndoo ya lita 10 ni kilo 10, na mtoto wa mwaka mmoja naye yumo humohumo. Ukikohoa, kumbatia mto. Ukiamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, ndipo uinuke; usijivute kwa mikono. Rudi hospitali mfupa ukigongana au kucheza unapokohoa, mshono ukitoa usaha, au joto likifika 38.

Moyo unaenda mbio ovyo ovyo.

Siku za mwanzo baada ya upasuaji hutokea kwa wengi, na mara nyingi hutulia kwa dawa. Ukiwa nyumbani, mwambie daktari wako siku hiyo. Hali hiyo ikiambatana na kizunguzungu, kuzimia au kuhema, ni dharura.

Nitajuaje kama moyo unashindwa kazi?

Mizani itakuambia mapema. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo zilezile. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, ni maji, si mafuta. Miguu kuvimba, au kuhitaji mito zaidi ili ulale, kunasema jambo hilohilo.

Nikijisikia mzima, niache warfarini?

Hapa ndipo tunapopoteza wagonjwa waliokwisha kupona. Dawa hii ya kuzuia damu kuganda ni ya maisha: ukiiacha, damu huganda kwenye valvu, na bonge likikatika likapanda kichwani ni kiharusi. Imeze saa ileile kila siku. Ukisahau, imeze siku hiyohiyo. Ikishapita usiku, usimeze dozi mbili kufidia. Kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda) kwa kawaida hulengwa 2 hadi 3 kwa valvu ya aota (mlango wa kutokea damu kwenda mwilini) na 2.5 hadi 3.5 kwa ya maitro (mlango wa kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), ila fuata namba uliyoandikiwa kwenye kadi yako.

Mchicha na matembele si haramu. Vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, usile sufuria zima leo kisha ukae mwezi bila. Diklofenaki (dawa ya maumivu), aspirini ya kujinunulia na dawa za mitishamba ziache mpaka uulize. Kinyesi cheusi kama lami, au kichwa kuuma ghafla na vikali, usilale navyo, nenda hospitali: huenda damu inavuja ndani.

Valvu imebadilishwa. Sindano ya penisilini ya nini tena?

Kilichobadilishwa ni valvu, si mwili. Homa ya rumatiki, ile inayoleta baridi yabisi ya moyo, ikirudi hushambulia valvu zilizobaki. Endelea kila wiki 3 au 4 kama ulivyopangiwa, mwambie mchomaji kuwa unatumia warfarini, na ubonyeze pale palipochomwa kwa dakika kadhaa. Kabla ya kung'oa jino pia sema una valvu bandia, maana unahitaji antibayotiki kwanza.

Nataka kuzaa. Je?

Njoo kliniki kabla ya kushika mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama. Ikiwa siku zako zimechelewa, pima mimba mara moja, na usiache dawa mwenyewe.