Sola haichajiwi na joto jamani

Huku Tanga wengi tunaambiana joto ndo linachaji sola, yani Februari ukiungua kichwa pale Ngamiani basi betri inajaa fasta. Inaeleweka, jua na joto vinakuja pamoja. Ila kazi inafanywa na mwanga. Ndani ya paneli kuna silikoni, kila atomu ina elektroni 4 za nje zilizoshikana na jirani zake, ikiwa safi haipitishi umeme wa maana, kwahiyo kiwandani wanaitia fosforasi kidogo sana yenye 5 upande mmoja na boroni yenye 3 upande wa pili, zinapokutana panakuwa na msukumo unaozipeleka njia moja elektroni zilizong'olewa na mwanga. Hako kauchafu ka makusudi ndo utamu wenyewe, hata chipu za simu yako zinaishi kwa hako.

Joto likizidi volti inashuka, paneli nyingi za silikoni zinapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu kwa kila digrii (Selsiasi) paneli yenyewe inapopanda juu ya 25. Soma stika ya nyuma au karatasi ya maelezo ya paneli. Au chukua mita, chomoa paneli ndogo, pima volti asubuhi jua likishapanda paneli ikiwa bado haijachemka, halafu pima tena saa nane mchana uone volti ilivyoshuka.