"Limegatuliwa au halijagatuliwa?": Maana ya ugatuzi wa Wales

Ukisikiliza vipindi vya siasa vya kila wiki kwenye BBC Radio Wales, au Radio Cymru inayotangaza kwa Kiwelisi, kuna swali ambalo hulikosi: jambo hili limegatuliwa, yaani linaamuliwa na Wales yenyewe, au bado liko kwa serikali ya Uingereza iliyoko London? Foleni za wagonjwa hospitalini, limegatuliwa. Polisi, halijagatuliwa. Wenyeji wameshazoea, lakini msikilizaji mgeni anaachwa njia panda, na hapo ndipo penye ufunguo wa mazungumzo yote, maana jibu lake ndilo linaloamua nani aulizwe na nani awajibike.

Kiwelisi kinaliita datganoli. Ndani yake mna canol, yaani katikati, na kile kipande cha mwanzo kinabandua: kuyatoa madaraka katikati. Sisi tunasema ugatuzi, na Wakenya wamelizungumza neno hilo kila siku tangu kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013. Hata hivyo, anayetaka kuielewa Wales haraka asianzie Kenya. Aanzie Zanzibar.

Tanzania ina orodha ya mambo ya Muungano: ulinzi, mambo ya nje, polisi, sarafu. Nje ya orodha hiyo, mathalani hospitali na kilimo, Zanzibar inajiendeshea yenyewe. Wales nayo, tangu Aprili 2018, ina orodha ya mambo yaliyobakizwa London, na lisiloandikwa humo ni la Cardiff, mji mkuu wa Wales. Ulinzi, mambo ya nje, polisi, magereza na mahakama yako London. Afya, elimu, kilimo, serikali za mitaa na lugha ya Kiwelisi yako kwa Senedd, bunge la Wales. Na kama Tanganyika ilivyobaki bila serikali yake, England nayo haina bunge lake peke yake; Bunge la Westminster, lililoko London, ndilo la Uingereza nzima na ndilo la England. Kwa hiyo Waziri wa Afya wa London anapotangaza mpango wa hospitali, kwa kawaida anazungumzia England, ingawa anayemsikia redioni huko Swansea, mji wa Wales, anaweza kudhani ni habari yake.

Tofauti ipo, tena kubwa. Zanzibar iliingia Muungano mwaka 1964 ikiwa dola. Wales iliunganishwa na England kwa sheria za mfalme Henry wa Nane, za 1536 na 1543, na hadi leo nchi hizo mbili zina mfumo mmoja wa mahakama.

Watu wengi wa Uingereza waliuona ugatuzi kwa macho yao wakati wa korona. Ijumaa ya 23 Oktoba 2020, saa 12 jioni, serikali ya Mark Drakeford, aliyekuwa wakati huo Waziri wa Kwanza, yaani kiongozi wa serikali ya Wales, ilifunga nchi kwa siku 17. Kuna kijiji kinaitwa Llanymynech ambacho mpaka unapita katikati yake. Jioni ile baa za upande wa Wales zilifunga milango, na hatua chache tu ng'ambo, upande wa England, sheria ilikuwa nyingine. Majirani wale wale, barabara ile ile, serikali mbili.

Madaraka haya hayakupatikana kwa urahisi. Mwaka 1965 bonde la Tryweryn lilizamishwa ili jiji la Liverpool, lililoko England, lipate maji. Kijiji cha Capel Celyn kilikwenda na shule yake, kanisa lake na makaburi yake, ingawa wabunge wa Wales karibu wote walikuwa wameupinga mpango huo. Kuna ukuta kando ya barabara karibu na Llanrhystud ulioandikwa Cofiwch Dryweryn, kumbukeni Tryweryn, na mimi naamini anayetaka kujua kwa nini ugatuzi unagusa mioyo aanze na maneno hayo mawili.

Hata hivyo, katika kura ya maoni ya 1979 ya kuipa Wales bunge lake, watu wanne kati ya watano waliopiga kura walisema hapana. Iliporudiwa tarehe 18 Septemba 1997, kura za hapana ziliongoza usiku kucha mpaka matokeo ya mwisho, ya Carmarthenshire, yalipogeuza mambo. Ndiyo ilishinda kwa kura 6,721 kati ya zaidi ya milioni 1.1 zilizopigwa. Bunge likachaguliwa 1999 likiwa na mamlaka finyu. Kura ya 2011 ikaliongezea nguvu ya kutunga sheria kamili katika mambo yake, na mwaka 2020 likaitwa Senedd Cymru. Matunda ya ugatuzi yapo: dawa za daktari ni bure Wales tangu 2007. Mifuko ya madukani ilianza kutozwa fedha 2011, miaka minne kabla ya England.

Panapowaka moto redioni wiki baada ya wiki ni kwenye fedha. Sehemu kubwa ya bajeti ya Cardiff inatoka London kwa kanuni iitwayo Barnett: England ikiongezewa fedha katika jambo lililogatuliwa, Wales inapata fungu kulingana na idadi ya watu wake. Sasa chukua reli ya mwendo kasi, HS2. Hakuna hata kilomita moja ya reli hiyo inayopita Wales. Lakini ujenzi wa reli haukugatuliwa kwa Wales, basi Hazina ya London ikauhesabu kuwa mradi wa England na Wales kwa pamoja, na fungu halikutoka. Scotland na Ireland ya Kaskazini, ambako reli imegatuliwa, zilipata lao. Kwangu mimi hii ni dhuluma, na wanasiasa wa vyama vinavyopingana huko Cardiff wamesema hivyo hivyo kwenye vipaza sauti.