Iboga na arosto ya unga: maswali ya kuuliza kabla familia haijalipa

Zipo video zinazosambazwa kwenye WhatsApp zikisema mzizi kutoka Gabon unamtoa mtu kwenye heroini kwa usiku mmoja. Familia iliyokwisha kuuza kiwanja kwa ajili ya soba hausi haiwezi kulaumiwa ikivutika. Majibu haya ni kwa ajili yao.

Iboga ni nini hasa?

Ni kichaka cha msitu wa mvua wa Gabon na nchi jirani, chenye matunda ya rangi ya chungwa. Kinacholiwa ni ganda la mzizi: huparuliwa, hukaushwa, husagwa. Ni chungu mno, na hutia ganzi mdomoni. Ndani yake mna ibogaini, kemikali iliyotengwa mwaka 1901. Kuanzia 1939 Ufaransa ilikuwa na vidonge vyake vilivyoitwa Lambarène, vya kuondoa uchovu, kila kimoja na miligramu 8 hivi. Kiasi anachopewa mraibu ili kukata arosto ni mara nyingi zaidi ya hicho.

Kwa hiyo inakata arosto au haikati?

Kwa baadhi ya watu arosto hupungua sana. Mwaka 1962 Howard Lotsof, kijana wa New York wa miaka 19 aliyekuwa akitumia heroini, alimeza ibogaini akitafuta kulewa, akashangaa kuona hamu ya unga imemtoka. Mwaka 1985 akapata hataza ya Marekani ya kuitumia kutibu uraibu. Tangu hapo simulizi yake imesafiri mbali kuliko utafiti.

Utafiti unaotajwa sana siku hizi ni wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotoka 2024. Ulihusu wanajeshi wastaafu 30 waliojeruhiwa ubongo. Walipata nafuu kubwa ya msongo na sonona, lakini hawakuwa wakitibiwa heroini, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na walipewa magnesiamu ili kulinda moyo. Anayekuonyesha utafiti huo kama ushahidi wa kutibu unga, ama hajausoma ama yuko sokoni. Jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 mwaka 2025 kwa majaribio ya ibogaini, kwa sababu jibu bado linatafutwa.

Si dawa ya mababu? Wagabon wanaitumia miaka yote.

Wanaitumia, ila si kwa kazi hiyo. Kwa Wamitsogo, Waapindji na Wafang, iboga ni ya Bwiti, dini yao ya jadi, na kuila kwa wingi ni jando la kiroho. Anayeingizwa ana "baba" na "mama" wa kumsimamia, kama mwali alivyo na kungwi wake. Kinubi cha ngombi hupigwa, wazee humtazama usiku kucha, na shughuli huchukua siku kadhaa. Akishatoka ana jamaa wapya na wajibu mpya. (Kiongozi huitwa nganga, neno lililo ndugu na mganga wetu.)

Biashara imechukua mzizi, moto na ngoma kwa ajili ya picha, ikawaacha wasimamizi na jamaa wa baadaye. Lakini hata Bwiti yenyewe haikuundwa kumpokea mtu ambaye moyo wake umechoshwa na miaka ya unga. Kusema "ni ya asili, ni ya mababu" hakujibu swali la moyo.

Inaua vipi?

Ibogaini huziba njia ambazo potasiamu hupitia kutoka kwenye seli za moyo. Moyo huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, na kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kipindi kiitwacho QT hurefuka. Kikizidi milisekunde 500, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla na moyo kusimama. Huko Uholanzi watu 14 walipewa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wakiwa chini ya uangalizi wa hospitali, na nusu yao walivuka 500. Kutapika, ambako ni kwa kawaida, hupoteza potasiamu na magnesiamu na kuongeza hatari. Ini nalo hubadili ibogaini kuwa noribogaini, inayokaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo mtu aliyeamka salama asubuhi bado hajavuka. Uchunguzi uliochapishwa 2012 ulihesabu vifo 19 vilivyohusishwa na ibogaini kati ya 1990 na 2008.

Ndugu yangu yuko kwenye methadoni. Aiache kwanza?

Hapana. Asiiache, na asiguse iboga. Methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, nayo hurefusha QT na huchukua siku nyingi kutoka mwilini. Kuiacha jana hakusaidii. Hatari hiyohiyo ipo kwa haloperidoli ya magonjwa ya akili, azithromaisini ya bakteria, flukonazoli ya fangasi, na kwinini ya malaria. Fluoksetini, dawa ya sonona, huzuia ini kuivunja ibogaini, ikabaki nyingi kwenye damu.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: arosto ikikatika, mwili unapoteza uzoefu wa unga. Akirudia kete aliyoizoea, pumzi inakatika. Kwenye kliniki ya methadoni dozi hupimwa na yupo anayemwona kila siku. Huo ndio uangalizi unaoachwa kwa ajili ya video.

Nitamjuaje muuzaji hatari?

Muulize nani atasoma ECG, potasiamu ilipimwa lini, na hospitali ya kumkimbiza ni ipi. Akijibu kwamba "mmea unajua wa kumchagua", ondoka. Ondoka pia akitaka fedha zote mapema, akimnyang'anya mgonjwa simu, au akikataza ndugu kuwepo. Mtu aliye kwenye maono hawezi kukataa anachofanyiwa, na kwenye vikao vya mimea ya maono wapo waliodhulumiwa kingono na viongozi wao. Iboga iliyosagwa ya kwenye mfuko nayo haina kipimo. Nguvu hutofautiana mzizi kwa mzizi.

Na Gabon inapata nini?

Kidogo sana. Iliitangaza iboga urithi wa taifa mwaka 2000, na 2019 ikasitisha kuisafirisha nje, kwa sababu vichaka vilikuwa vikiibwa msituni. Kung'oa mzizi wote huua kichaka kilichokua miaka kadhaa; mvunaji mzuri hukata mizizi ya pembeni, akafukia.

Ameshameza. Nifanye nini sasa?

Usimwache peke yake hata dakika moja. Mlaze ubavu asipaliwe na matapishi, usimpe dawa yoyote ya kumtuliza, mpeleke hospitali hata kama anaongea vizuri. Beba mfuko wa iboga na dawa zake zote. Waambie wahudumu: "Amekula iboga, inarefusha QT," ili wapime ECG, potasiamu na magnesiamu, na wajue kwamba haloperidoli na ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, zinaweza kumzidishia. Omba aangaliwe moyo angalau siku tatu.