Nyumba ya Inspekta Morse haiko Oxford

Shabiki wa Inspekta Morse anayepanda treni Paddington kwenda Oxford kuitafuta nyumba ya mpelelezi wake huwa ameshaipita kabla hata hajatoka London. Ile nyumba ambayo Morse anarudi usiku, anaweka sahani ya santuri ya Wagner, mtunzi wa opera, na kujimiminia kinywaji, iko Ealing, magharibi mwa jiji. Reli ya kwenda Oxford inapita hapohapo. Treni za haraka hazisimami, na abiria mwenye kamera shingoni hana habari.

Kwa asiyeijua tamthilia hii: ilirushwa na ITV ya Uingereza kuanzia Januari 1987 hadi Novemba 2000, hadithi 33, kila moja ndefu kama filamu kamili. John Thaw alikuwa Morse, Kevin Whately akawa Sajenti Lewis, yule ambaye mara nyingi ndiye anayelipia bia. Chanzo chake ni riwaya za Colin Dexter, ya kwanza ikiwa imetoka mwaka 1975. Miaka yote hii watu wanaendelea kuzitafuta kona ilikorekodiwa moja moja: kwa miguu, kwa ramani za mtandaoni, na kwa kusimamisha picha kila baada ya sekunde mbili hadi waliokaa nao sebuleni wanakasirika. Nami ni mmoja wao. Mengi niliyoyaamini nilipoanza hayakuwa kweli.

"Imerekodiwa Oxford, basi yote iko Oxford"

Dhana hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Oxford kwenye Morse ni ngozi ya nje: minara, mitaa ya mawe ya rangi ya asali, madaraja, baiskeli. Ukishaingia ndani ya jengo, uwezekano wa kuwa bado uko Oxford unapungua sana. Ofisi za polisi ambamo Morse anamfokea Lewis hazikuwa kwenye makao makuu halisi ya polisi ya Kidlington, kaskazini kidogo ya mji. Zilikuwa majengo ya kukodi upande wa London, kama ilivyokuwa nyumba yake.

Sababu haina siri yoyote, ni hesabu. Wafanyakazi wa televisheni wengi wanaishi London, na Oxford iko umbali wa kilomita 90 hivi. Siku moja ya kurekodi Oxford maana yake ni malazi, posho, malori ya taa na jenereta kutafutiwa pa kuegesha katika mitaa iliyochorwa kabla ya gari kubuniwa, na vibali vya kuzuia watembea kwa miguu. Kwa hiyo kikosi kilikwenda Oxford kuchukua kile ambacho Oxford peke yake inacho, kisha kikarudi kumalizia mazungumzo ya ndani karibu na nyumbani.

Kuna dalili ninayoiamini kuliko orodha yoyote: tazama dirisha. Mwongozaji aliyesafirisha watu wote hao mpaka Oxford hatakubali dirisha lipotee bure, atahakikisha unaona mnara au paa la kale. Dirisha likionyesha pazia jeupe, majani ya mti au mwanga mtupu, usikimbilie kukata tiketi ya treni.

Ajabu yake ni kwamba walipotangaza safari ya mbali, safari ilikuwa ya kweli. Hadithi ya "Promised Land" ya mwaka 1991 inampeleka Morse Australia, na Australia ile ni Australia. Mwaka uliofuata wakaenda Italia, na Verona ile ni Verona. Mtu huyohuyo akirudi nyumbani kwake Oxford, yuko Ealing.

"Nitakwenda Chuo cha Lonsdale niulize getini"

Hutakiona. Chuo Kikuu cha Oxford hakina kiwanja kimoja chenye geti moja. Kimeundwa na vyuo zaidi ya 30, kwa kawaida kila kimoja na ukuta wake, kanisa lake dogo, uwanja wake wa nyasi na bawabu wake. Miongoni mwao hakuna Lonsdale wala Beaumont. Majina hayo yametungwa, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Hadithi ikiwa imejaa maprofesa wanaosalitiana, kuibiana tafiti na hatimaye kuuana, hakuna chuo cha kweli kitakachofurahia kuandikwa jina.

Ila wapo wanaosikia kwamba jina ni la kubuni wakahitimisha kwamba mahali penyewe pia ni pa kubuni. Hilo nalo ni kosa. Lonsdale ya kwenye riwaya inakaa pale ambapo kwa kweli kuna Chuo cha Brasenose, ubavuni mwa uwanja wa Radcliffe, na Brasenose ndicho kilichotumiwa mara nyingi kwenye televisheni. Neno la kushika hapo ni "mara nyingi". Jina moja la kubuni liliweza kuvaa sura ya vyuo tofauti katika hadithi tofauti, kutegemea nani alikubali kufungua geti wiki hiyo na wapi wanafunzi walikuwa kwenye mitihani. Hata ndani ya hadithi moja, mtu huingia lango la chuo kimoja akatokea kwenye korido ya jengo lingine kabisa.

Ndiyo maana swali la "Lonsdale ni chuo gani?" halina jibu moja. Uliza hivi: katika hadithi hii, kwenye picha hii, huu ni ukuta wa nani? Hapo utapata jibu, na mara nyingi litakuja na majina mawili.

Kidokezo kwa anayekwenda: vyuo ni mahali pa kazi. Vingine vinapokea wageni kwa saa maalumu, vingine kwa kiingilio, na vinaweza kufungwa wakati wa mitihani au shughuli. Bawabu ndiye mwenye neno la mwisho.

"Mtaa wa kwenye hadithi utakuwa kwenye ramani"

Wakati mwingine upo, ila kwa jina lingine. Katika hadithi ya kwanza kabisa kurushwa, "The Dead of Jericho", mtaa ambao mwanamke anakutwa amekufa unaitwa Canal Reach. Tafuta ramani nzima ya Jericho, kitongoji cha Oxford, hutaupata. Walichorekodi ni Combe Road, mtaa mfupi wa nyumba za matofali zilizoshikana, na baa ya Bookbinders iliyo kwenye kona ya kuukabili nayo ikaingia kwenye picha.

Hapa mtafutaji anapata raha ya kweli, kwa sababu ukiacha jina, kila kitu kinakubaliana. Jericho ni kitongoji halisi, jina si la kuchonga. Kilikua katika karne ya 19 kama makazi ya wafanyakazi, wengi wao wa kiwanda cha uchapaji cha chuo kikuu. Mfereji wa Oxford unapita pembeni, na mnara wa kanisa la Mtakatifu Barnaba, uliojengwa kwa mtindo wa Kiitalia, unachungulia juu ya mapaa. Kwa mtu mwenye picha iliyosimamishwa mkononi, mnara huo una faida kuliko anwani: ukiuona kwenye fremu, unajua kamera ilitazama upande gani.

Ndivyo kazi hii inavyofanyika kwa jumla. Usitafute mlango, milango hupakwa rangi upya. Usitafute duka, maduka hufungwa. Tazama juu: dohani, pembe ya paa, idadi ya madirisha ya ghorofani, nembo ya jiwe iliyochongwa ukutani. Vile vichwa vya mawe vyenye ndevu nje ya ukumbi wa Sheldonian, Broad Street, vilichongwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vikiwa nyuma ya Morse huhitaji kuuliza mtu. Miti ndiyo inayodanganya. Mche wa mwaka 1987 leo unaweza kuwa umefunika ukuta mzima uliokuwa ushahidi wako.

"Nitaifuata njia ya Jaguar"

Huwezi. Mhariri anakata picha gari la Morse likiwa kona ya katikati ya mji, na linapoonekana tena liko kando ya mto huko Wolvercote, kama kilomita 4 kutoka hapo, muziki wa Barrington Pheloung, mtunzi wa tamthilia hii, ukiwa haujamaliza hata mstari mmoja. Mitaa mingi ya katikati sasa ni ya watembea kwa miguu. Ukiwa na gari lako mwenyewe, utazunguka tu.

Na hiyo Jaguar Mark 2 nyekundu, namba 248 RPA, si ya Morse wa vitabu vya mwanzo. Kwa Dexter, Morse aliendesha Lancia. Televisheni ilipoleta Jaguar na watu wakaipenda, mwandishi akabadili gari kwenye vitabu vyake vya baadaye. Mtu anayetumia riwaya kama ramani ya tamthilia akumbuke hilo: mambo mengine yametoka kwenye skrini kwenda kitabuni.

"Kito cha Wolvercote kiko Ashmolean"

Hii naipenda kuliko zote kwa sababu imekaa nusu kwa nusu. Katika "The Wolvercote Tongue", iliyorushwa mwishoni mwa 1987, watalii wa Kimarekani wanafikia hoteli ya Randolph. Mmoja wao amebeba kipande cha kale cha dhahabu cha kukabidhiwa makumbusho ya Ashmolean. Anakutwa amekufa chumbani na kito hakipo.

Randolph ni hoteli ya kweli, ipo tangu karne ya 19. Ashmolean ni makumbusho ya kweli, na yanatazamana na hoteli hiyo, Beaumont Street tu ndiyo inayoyatenganisha. Katika tamthilia inayorusha watu kilomita nne kwa mkato mmoja wa picha, hapa umbali wa kwenye hadithi unalingana na umbali wa miguu yako. Hoteli ina baa iliyopewa jina la Morse, na ukikaa dirishani unaelewa hadithi nzima bila kusimuliwa.

Kisicho cha kweli ni kito chenyewe. Hakuna Ulimi wa Wolvercote katika makabati ya Ashmolean. Kilichopo ni Kito cha Alfred, kazi ya dhahabu na enameli ya enzi za Mfalme Alfred, karne ya 9, na ni rahisi kuona kwamba kile cha kubuni kimetoka ukoo huohuo. Hadithi hiyo Dexter aliiandika kwa ajili ya televisheni kwanza, kisha akaigeuza kuwa riwaya iliyotoka mwaka 1991. Anayekwenda Ashmolean kutafuta kito cha Morse akitoka bila kukiona cha Alfred, huyo safari yake imemponyoka.

Baa ni habari fupi, kwa kuwa hizi kwa kawaida ni za kweli na ziko mahali pake. White Horse, Broad Street, imebanwa katikati ya duka la vitabu la Blackwell's, unaweza kuipita. Trout iko Wolvercote, maji yakiporomoka mbele yake. Turf Tavern inafikiwa kwa kichochoro chembamba. Ukitaka siku isiyo na utata, anza na baa, halafu mlipie Lewis wako kwa niaba ya Morse.

"Orodha ya mtandaoni imeshamaliza kazi"

Orodha nyingi zimenakiliana, na kosa la wa kwanza limekuwa ushahidi wa wa kumi. Kosa la kawaida ni kuchanganya tamthilia tatu. Baada ya Morse kuja "Lewis", 2006 hadi 2015, kisha "Endeavour", 2012 hadi 2023, inayomwonyesha Morse akiwa kijana katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Zote zinapita mitaa ileile. Mtu anaandika "hapa ndipo Morse aliposimama", kumbe aliyesimama ni Shaun Evans, Morse wa "Endeavour", robo karne baada ya Thaw. Kabla ya kuamini, dai jina la hadithi na dakika. Asiyeweza kukupa vyote viwili anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu nyumba ya Ealing, makusudi sikuandika namba. Kupiga picha ukiwa barabarani si kosa Uingereza, lakini kuna watu wanaoishi mle, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda opera. Kupita mbele ya nyumba ukaendelea na safari kunatosha.

"Morse alifia kwenye nyasi za Exeter"

Karibu, ila siyo. Katika hadithi ya mwisho, "The Remorseful Day", anaanguka katika uwanja wa Chuo cha Exeter huku kwaya ikiimba Requiem ya Fauré, kisha anakata roho hospitalini. Mahali pa kuanguka ni pa kweli, na chuo ni hichohicho unachokiona kwenye picha. Lango lake liko Turl Street, dakika chache tu kutoka Brasenose. Bawabu akikuruhusu kuingia, simama ukingoni. Nyasi za vyuo vya Oxford kwa kawaida hazikanyagwi na wageni, kwa hiyo ile picha ya kulala pale alipolala Morse, ambayo kila shabiki anaitamani, itabidi uiache.